Xeon ya Kori 14 ama i3 ya Kori 4? Soma Hii Kabla Utoe Ngiri Zako 40 Luthuli

Wasee, hebu tubonge ukweli. Umesave. Labda ni doh ya mjengo, labda chama imekufikia, labda mathee amekusort akisema "na hii ndiyo ya mwisho". Uko na ngiri 40 kwa M-Pesa na unataka mashine ya kazi: kuediti video, kupika beat, ama kufungua kabase ka gemu hapo Umoja.

Unashuka tao. Unapanda ngazi za jengo fulani hadi kwa duka ya ex-UK, na msee wa kuuza anakuonyesha boksi nyeusi, nzito kama gunia ya makaa. "Buda, hii ni Xeon. Kori 14, thredi 28, RAM 32. Hiyo i3 unayoulizia ni ya kutaipu barua za chifu."

Hapo ndipo wengi huingia box. Mimi mwenyewe niliingia.

Nilikuwa nimeacha campus second year, na video za harusi na ruracio ndizo zilikuwa zinalipa rent ya keja Kayole. Nikachukua hiyo Xeon nikiwa na furaha yote. Kazi ya kwanza ilikuwa ruracio moja, video ya dakika 40. Kila nikibonyeza play, picha inasonga kama mathree kwa Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Nikafungua Task Manager niangalie prosesa inatumika kiasi gani: asilimia 20 hivi. Kori nyingi zimekaa tu zikinitazama. Kazi ikachelewa siku mbili, client akanikata balance. Cousin yangu wa Donholm, na kai3 kake, hiyo video aliifungua ikatembea bila shida.

Kitu iliniuma ni hii: yule msee wa duka hakunidanganya. Kila namba alinipea ilikuwa ya ukweli. Ni mimi sikujua hizo namba zinamaanisha nini. So wacha nikueleze, wewe usilipe hiyo fees.

Hizi Xeon hutoka wapi?

Xeon ni jina Intel hupea prosesa zake za seva na za mashine za kazi nzito za ofisi. Zile utakutana nazo sana ni familia ya E5. Tuchukue moja inayopendwa, E5-2680 v4. Ilitoka 2016. Iko na kori 14, thredi 28, kasi ya kawaida ni 2.4 GHz, na ikijikaza inafika 3.3 GHz. Wakati inatoka, Intel ilikuwa imeiwekea bei ya dola 1,745, na hiyo ni prosesa pekee, bila boksi, bila RAM.

Sasa mbona leo iko kwa bei yako? Kampuni kubwa huko majuu hubadilisha seva kila baada ya miaka michache. Si eti zimekufa. Ni juu mpya zinafanya kazi ile ile na stima kidogo na nafasi kidogo. Za zamani zinatolewa kwa wingi, madalali wanazibeba, na bei inaanguka. Ni kama mtumba ya Gikomba: unaweza pata suti kali ya Ulaya kwa bei ya shati. Lakini kumbuka, hiyo suti ilishonewa mtu mwingine.

Upande ule mwingine kuna Core i3-12100. Hii ilitoka mwanzo wa 2022. Kori 4, thredi 8, kasi 3.3 GHz hadi 4.3 GHz. Intel iliitoa na bei ya dola 122, na ile ya jina i3-12100F ikawa dola 97. Kwa karatasi inakaa mtoto mbele ya mbuyu.

Mathree ya 14 na nduthi nne

Angalia hivi. Hiyo Xeon ni nissan ya viti 14. i3 ni nduthi nne.

Kama kazi ni kubeba watu wengi kutoka Buru hadi tao kwa mpigo mmoja, nissan inashinda, hakuna story. Lakini kama ni msee mmoja amechelewa interview, viti 13 tupu havitamsaidia. Anahitaji nduthi.

Prosesa ni hivyo hivyo. Kuna kazi inaweza kukatwa vipande 28 na kila thredi ichukue chake. Na kuna kazi lazima ifuatane, hatua ya pili haiwezi kuanza kabla ya kwanza kuisha. Hiyo ya kufuatana inategemea kori moja ina mbio kiasi gani. Kori zingine zote ni abiria.

Na usiangalie GHz peke yake. Kati ya 2016 na 2022 Intel ilibadilisha jinsi kori yenyewe inafanya kazi, so kila mzunguko mmoja kori mpya inamaliza mengi zaidi. Ndio maana kwa majaribio ya kori moja, i3-12100 inakaribia mara mbili ya hiyo Xeon. Kwa majaribio ya kori zote pamoja, Xeon inaongoza, lakini kwa robo ama theluthi hivi tu. Rudia hiyo pole pole: kori 14 dhidi ya 4, na bado haifikishi hata mara mbili.

Sasa, wewe kazi yako ni gani?

Hili ndilo swali la maana. Usianze na "gani ni kali?" Anza na "mimi nafanya nini kila siku?"

Kama ni gemu, chukua i3. Gemu nyingi hutegemea kori chache zenye mbio. Ukiweka kadi ya grafiki ile ile kwa hizi mashine mbili, Xeon mara nyingi itaifanya kadi ingoje. Na ukiwa unachezesha wasee kwa base yako kwa saa, gemu ikikwama kidogo tu wanahamia base ya jirani.

Kama ni video, i3 tena, lakini cheki hiyo herufi ya mwisho. i3-12100 bila F iko na grafiki ndani, na ndani yake kuna sehemu maalum ya kufungua video za H.264 na H.265, zile simu na kamera zako hurekodi. Programu kama Premiere Pro zinajua kuitumia. Xeon za E5 hazina grafiki kabisa, so bila kadi ya maana, prosesa inabeba huo mzigo peke yake. Hapo ndipo ruracio yangu ilizama. i3-12100F pia haina grafiki. Ukiinunua bila kadi, skrini itakaa nyeusi tu.

Kama ni muziki, inategemea. Tangu Ethic watoke Umoja na "Lamba Lolo" 2018, kila court iko na producer. Beat yenye traki nyingi, kila moja na vitu vyake, inaweza kusambazwa kwa kori nyingi na Xeon itajitetea. Lakini ukirundika programu saba kwa master, hizo zinafuatana moja baada ya nyingine, na hapo kori moja ndiyo inaumia. Sauti ikianza kukatika katika msanii akiwa kwa booth, kori zako 13 zingine hazitakuokoa.

Xeon inashinda wapi? Iko na kwake, na tusiitusi bure. Ukirenda picha za 3D kwa Blender ukitumia prosesa, kori zote zinafanya kazi na utaona faida. Ukisomea mambo ya mitandao ama usalama wa kompyuta, na unataka kuendesha kompyuta tano za kuigiza ndani ya mashine moja, chukua Xeon. Inakubali RAM nyingi ya seva, inaisoma kwa njia nne badala ya mbili za i3, na inabeba kadi nyingi kwa mazabodi moja. Na kama kazi yako ni ya kuacha usiku ikijipika ukiwa umelala, mbio ya kori moja haikusumbui sana.

Tokeni nazo?

Hii wasee husahau, na ndiyo inalipwa kila mwezi. Kwa karatasi za Intel, E5-2680 v4 imepimwa wati 120. i3-12100 ni wati 60. Zikiwa zimekaa tu tofauti inapungua, na i3 ikisukumwa inapanda hadi karibu 90 kwa muda. Lakini tufanye hesabu rahisi ya wati 60 tofauti.

Ukifanya kazi nzito saa 8 kwa siku, siku 30, hiyo ni units 14.4 zaidi kwa mwezi. Tuseme unit moja inakutoka bob 28 ukihesabu na ushuru. Hiyo ni kama 400 kwa mwezi, karibu 4,800 kwa mwaka. Ukiwa na base ya mashine tano, ni ngiri mbili kila mwezi zinaenda na upepo wa feni. Na kumbuka KPLC hupea bei ya chini nyumba inayokaa ndani ya units 30 kwa mwezi, so units 14 si mchezo kwa keja ya bulb mbili na TV. Chukua tokeni yako ya mwisho, gawanya pesa kwa units ulizopata, kisha urudie hesabu na namba yako.

Vitu hutaambiwa dukani

Moja, soma ile "v". E5 isiyo na v na ile ya v2 ni za zamani zaidi, hutumia RAM ya DDR3, na hazina maagizo yanayoitwa AVX2. Kuna programu na gemu mpya zinakataa kufunguka bila hayo. Kama lazima iwe Xeon, anza v3 kupanda.

Mbili, Windows. Microsoft iliacha kusapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa utaratibu wake inaanzia Intel za kizazi cha 8, na E5 v4 haimo. Kuna njia za mkato, na kuna Linux, lakini ujue unajitegemea. Gemu kama Valorant kwa Windows 11 pia inadai TPM 2.0 na Secure Boot, so ulizia mapema.

Tatu, spea. Mashine kama HP Z440 ama Dell Precision T5810 ziko na mazabodi na pawa saplai za umbo lao. Pawa ikilipuka Jumamosi jioni, hutaweka yoyote tu. i3 ikiwa kwa boksi ya kawaida, kila kitu kinabadilishwa. Na soketi yake ya LGA1700 inakubali hadi Intel za kizazi cha 14, ukisasisha BIOS. Ukiomoka kesho, unaweka i5 bila kununua mashine nyingine.

Nne, usinunue kwa macho. Beba flash na kazi yako halisi, mradi ule mzito kabisa. Ifungue hapo dukani, fungua na Task Manager, iache ikimbie dakika 20. Sikiza feni. Kisha warranty iandikwe kwa risiti, isibaki kwa mdomo.

Na kama doh haifiki i3 mpya?

Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawapigii kelele. Tafuta desktop ya ofisi, ex-UK, yenye i5-8500, kwa mfano HP EliteDesk 800 G4 ama Dell OptiPlex 7060. Kori 6, hadi 4.1 GHz, wati 65, grafiki iko ndani, na Windows 11 inaikubali. Haina jina la kutisha, lakini itakulipia rent. Angalia tu ukubwa wa boksi, juu zile ndogo haziingizi kadi kubwa ya grafiki.

Mimi Xeon yangu niliuza baada ya miezi minne, kwa hasara. Ilinunuliwa na msee wa Dandora anayechora nyumba za 3D za kuonyesha wateja kabla mjengo uanze. Huwa anaiwasha jioni, inarenda usiku kucha, asubuhi picha ziko tayari. Anaipenda vibaya. Ni mashine ile ile iliyoninyima balance ya ruracio. Haikuwa mbaya, ilikuwa tu kwa mtu ambaye si wake.

So kabla uingie ngazi za hiyo duka, andika kwa karatasi kazi tatu unafanya kila siku. Msee akianza kukuhesabia kori, muonyeshe hiyo karatasi.