Kumpima mtoto kupitia simu: Manufaa na mipaka yake kwa wazazi wa Kisii na Nyamira

Na MWANDISHI WETU

MTOTO wa miaka miwili asiyetamka neno hata moja huwaacha wazazi wake katika njia panda. Nyanya atasema kuwa hata babake alichelewa kusema. Jirani naye atanong'ona kuhusu laana. Wakati huo miezi inayoyoma.

Kwa familia ya Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira, au Nyamache, Kaunti ya Kisii, jibu la uhakika aghalabu huwa mbali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Hata hivyo, wataalamu wa ukuaji wa watoto nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi, takriban kilomita 300 kutoka mji wa Kisii.

Hapo ndipo tathmini ya mbali, yaani kumchunguza mtoto kupitia video, inapoweza kusaidia. Ilienea mno mwaka 2020, janga la Covid-19 lilipofunga kliniki nyingi duniani. Katika mbinu iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mzazi ndiye huketi na mtoto na kucheza naye huku mtaalamu akimwelekeza na kutazama kwenye skrini. Je, mtoto hugeuka anapoitwa kwa jina? Humtazama mzazi usoni? Huonyesha kwa kidole kitu anachokitaka?

Njia ya pili ni mzazi kumrekodi mtoto akila, akicheza na wenzake au akikasirika, kisha kumtumia mtaalamu video hizo. Faida yake ni kuwa mtoto huonekana katika mazingira aliyoyazoea, wala si katika chumba kigeni kinachomtisha.

Hata hivyo, skrini ina mipaka. Haiwezi kupima masikio, na mtoto asiyesikia vyema huweza kudhaniwa kuwa ana usonji. Vilevile, daktari hawezi kugusa misuli iliyokakamaa wala kupima mzingo wa kichwa akiwa mbali. Kwa hivyo, tathmini ya mbali hufaa zaidi ikiambatana na uchunguzi wa ana kwa ana katika hospitali iliyo karibu.

Lugha nayo ni kikwazo. Mtoto aliyelelewa kwa Ekegusii akiulizwa maswali kwa Kiingereza, kimya chake huweza kuhesabiwa kuwa upungufu. Vipimo vingine vya kimataifa humtaka mtoto aigize sherehe ya kuzaliwa ya mwanasesere, jambo ambalo huenda hajawahi kuliona. Kilifi imetoa mfano mwema: mnamo 2008, Profesa Amina Abubakar na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kipimo cha ukuaji kilichotayarishwa kwa kuzingatia mazingira ya watoto wa huko.

Daraja la kuunganisha kijiji na mtaalamu tayari lipo kwa kiasi fulani. Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, na simu ni miongoni mwa vifaa walivyopewa. Pia kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto kwa ajili ya elimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa usaidizi wa Denmark.

Mzazi anayekubali tathmini ya video ana haki zake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Uliza ni nani atakayeitazama video hiyo na itahifadhiwa wapi.

Mzazi asisubiri iwapo mtoto hawezi kuketi bila kushikiliwa afikapo miezi tisa, hatembei akiwa na miezi 18, au haunganishi maneno mawili akiwa na miaka miwili. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe hospitalini mara moja, awe na umri wowote.

Anza kwa kupimwa masikio, beba kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na uweke video fupi kwenye simu. Muhimu zaidi, kuzungumza na mtoto, kumwimbia na kucheza naye hakuhitaji kusubiri hadi daktari aipe hali yake jina.