Ulinzi, Usalama na Mgeni wa Ofisi ya Umma

Miongoni mwa maandishi anayopewa mtafsiri wa serikali, na ambayo hudhaniwa kuwa mepesi, ni yale ya kubandikwa langoni. Ofisi ya umma yapasa kuwa wazi kwa mwananchi, na papo hapo yapasa kulindwa. Mambo haya mawili huvutana, na mvutano huo mwananchi huuona kwanza katika maneno. Tumeonelea vema tuyatazame machache.

Ulinzi na usalama hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Ulinzi ni kazi: una mlinzi, na una kinacholindwa. Usalama ni hali ya kuwa salama, nayo yaweza kuwa ya yeyote, hata mpita njia. Tarehe 7 Agosti, 1998, balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam ziliposhambuliwa kwa mabomu, walinzi wa ubalozi wa Nairobi hawakulifungulia lango la nyuma gari lililobeba bomu. Ulinzi ulitimizwa kwa kadiri yake. Hata hivyo, mjini humo walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya, wakiwamo waliokuwa katika jengo la jirani la Ufundi, lililoporomoka, na waliokuwa barabarani. Lango lilikuwa na ulinzi; jirani hakuwa na usalama.

Kwa hiyo tangazo lisemalo "Kwa usalama wako" lafaa pale tu ambapo msomaji ndiye anayekingwa na hatari. Ikiwa kinachohifadhiwa ni jengo, nyaraka au watumishi, na iandikwe waziwazi: "Eneo hili linalindwa." Isitoshe, kwa Mtanzania "mtu wa usalama" si askari wa zamu mlangoni, na akili ya msomaji huenda mbali.

Ukaguzi nao usichanganywe na upekuzi. Upekuzi hufuata shaka, ndiyo maana twasema hati ya upekuzi. Kinachofanywa langoni kwa kila aingiaye, awe mkulima au mkurugenzi, ni ukaguzi. Kuliita tendo hilo upekuzi ni kumshuku mtu kabla hajasema shida yake.

"Hairuhusiwi kuingia bila kibali" ni sentensi sahihi kisarufi, na kwa chumba cha mitambo au ghala la kumbukumbu hatuna la kuiongezea. Ikiwekwa kwenye lango kuu, hugeuza haki kuwa hisani: mwenye kufika huanza kutafuta wa kumwomba, badala ya kutafuta njia ya kufuata. Mahali hapo pahitaji neno utaratibu, si ruhusa.

Limebaki neno mgeni. Lina heshima yake, kwani mgeni hukaribishwa. Lakini mgeni pia ni mtu asiye wa mahali hapo. Mzee aliyekuja kufuatilia hati ya kiwanja chake si mgeni kwa serikali yake. "Daftari la wageni" limekwisha kuzoeleka, na hatuoni faida ya kulipiga vita. Kwa matangazo mapya, hata hivyo, twapendekeza: "Wanaohitaji huduma wapitie mapokezi na kuonyesha kitambulisho. Kila aingiaye hukaguliwa." Maneno hayo humtosha raia na asiye raia, na mlinzi naye hupata la kumwonyesha mkubwa anayetaka kupita bila kukaguliwa.