Kabla ya kununua spika kubwa, punguza kwanza kelele za gari

Dereva wa Land Cruiser akiwa kwenye lami husikia taarifa ya habari vizuri. Akiingia barabara ya changarawe, sauti ya mtangazaji humezwa na mngurumo wa dizeli, mlio wa matairi na milango inayogongagonga. Anaongeza sauti. Kilomita chache mbele anaongeza tena. Jioni anashuka masikio yakivuma kama ana nyuki kichwani, na kesho yake anakwenda kwa fundi kutafuta spika kubwa zaidi.

Wasikilizaji wetu wengi wanaoendesha magari ya aina hii, yawe ya abiria wa mnadani, ya zahanati au ya watalii, wanaijua hali hiyo. Leo tunaeleza kwa nini spika kubwa isiwe hatua ya kwanza.

Kuongeza sauti kuna gharama

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kila ukiongeza desibeli 3, amplifaya hutakiwa kutoa nguvu mara mbili. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Lakini ukipunguza kelele za gari kwa desibeli 3 tu, redio itasikika juu ya kelele hizo kama vile umeongeza nguvu mara mbili.

Gharama nyingine ni masikio yenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa usalama hadi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 kwa wiki. Chembe laini za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Anza na matengenezo

Kagua raba za milango, maana zikikauka hupitisha upepo, vumbi na kelele pamoja. Kaza nati zilizolegea. Angalia raba zinazoshikilia injini, kwani zikichoka mtetemo wote huingia kwenye bodi. Bomba la moshi likitoboka lizibwe haraka, kwa sababu moshi wake ni sumu na unaweza kuingia ndani ya gari. Kumbuka pia kwamba tairi za makucha makubwa hupiga kelele zaidi kwenye lami.

Kutuliza bati

Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo Toyota ilianza kuziuza mwaka 1984, zimetengenezwa kwa ajili ya kazi ngumu, na bodi yake ina mabati mapana yaliyo wazi. Gonga mlango kwa ngumi. Ukilia kama debe, bati linatetemeka.

Dawa yake ni vipande vizito vya raba ya butili vyenye foili juu, vinavyobandikwa kwenye bati lililosafishwa na kukaushwa. Si lazima kufunika bati zima. Robo hadi theluthi yake, hasa katikati, hupunguza mtetemo kwa kiasi kikubwa. Anza na sakafu ya mbele, ukuta unaotenganisha injini na miguu, na sehemu iliyo juu ya giaboksi. Kisha nenda kwenye milango ya mbele. Juu ya butili weka povu lisilonyonya maji.

Usitumie sponji ya godoro. Hunyonya maji, na bati huota kutu bila wewe kuona. Lami ya kuzibia mapaa nayo hulainika na kunuka gari likikaa juani. Na usizibe matundu ya chini ya mlango, kwa kuwa ndiyo njia ya maji ya mvua kutoka.

Spika na umeme

Mlango ndio boksi la spika. Ukiwa na matundu makubwa ndani, sauti ya nyuma ya spika hukutana na ya mbele na kuiua, na besi hupotea. Mlango uliotulizwa na kuzibwa vizuri huifanya hata spika ya kawaida isikike vizuri zaidi. Kwa habari na muziki wa kawaida, spika mbili nzuri za mbele zinatosha.

Ukitaka amplifaya, piga hesabu: wati gawanya kwa volti ni ampea. Amplifaya inayovuta wati 360 kwenye volti 12 huvuta ampea 30. Ipewe waya wake mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri, kama sentimita 30 hivi. Waya ukichubuka na kugusa bodi bila fyuzi, gari linaweza kuungua. Kila unapopita kwenye tundu la bati, uvalishwe raba.

Gari lenye betri mbili lipimwe kwanza kwa mita. Mengine hutumia volti 24, na redio ya volti 12 itaungua papo hapo.

Angalia pia muziki unaopigwa injini ikiwa imezimwa. Mfumo unaovuta ampea 10 kwa saa 5 hula ampea-saa 50. Betri ya 70 haitakuwa na nguvu ya kuaminika ya kuwasha injini. Fikiria hilo likitokea usiku porini, na mgonjwa amelala kiti cha nyuma.

Pima kwa simu

Pakua programu ya kupima sauti. Vipimo vya simu si kamili, lakini vinatosha kulinganisha. Pima kabla na baada ya kazi, barabara ileile, mwendo uleule, na simu ishikwe na abiria, si dereva.

Ukiona unaisikia taarifa ya habari na bado unasikia honi ya gari la nyuma, kazi imekwisha. Fedha ya spika kubwa inaweza kununua tairi.