KUTAFUTA KOSA KATIKA SEVA YA DARASA
Ukurasa Ufikapo bila Picha Zake

Shule iliyo mbali na mji, iwe upande wa Kishapu au wa Nyang'hwale, yaweza kufundisha kwa kurasa za tovuti bila kuwa na intaneti. Kompyuta moja ndogo hufanywa seva, ruta hueneza mawimbi darasani, na wanafunzi husoma kwa kompyuta au vishikwambi, kama vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022. Madhumuni ya makala haya ni kueleza hitilafu moja inayowasumbua walimu-wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha, na jinsi mkufunzi anavyoweza kuigeuza kuwa somo.

Hitilafu yenyewe ni hii. Ukurasa hufunguka na maandishi husomeka, lakini hauna rangi, mpangilio wake umevurugika, na mahali pa picha pana visanduku vitupu. Mwalimu huzima mashine na kuiwasha, huchomoa nyaya na kuzirudisha, na kipindi cha dakika 40 hupita hivyo. Darasa huondoka likiamini kuwa kompyuta ni mbovu, nayo haina ubovu wowote.

Hapana budi kuelewa kwanza kwamba ukurasa wa tovuti si kitu kimoja. Kivinjari huomba faili la maandishi. Kikilisoma, hukuta humo majina ya mafaili mengine: la mitindo, la picha, la sauti. Kisha hupeleka ombi jingine kwa kila jina. Mafaili hayo huitwa mafaili tuli, kwa kuwa seva huyatoa kama yalivyo, bila kuyatengeneza upya. Kwa hiyo, maandishi yakiwa yamefika kutoka kwa seva, tayari tumethibitisha kwamba umeme upo, ruta inafanya kazi na seva inajibu. Kosa limo katika njia ya mafaili yaliyosalia, nasi hatuna sababu ya kugusa nyaya.

Mfano unaofahamika kwetu ni wa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu. Mawe hutoka katika duara, husagwa kwenye karasha, kisha huoshwa kwenye mwalo. Dhahabu isipoonekana mwishoni, mtu mwenye busara hachimbi duara jipya papo hapo. Huuliza kwanza: mawe yenyewe hayakuwa na kitu, hayakusagika vizuri, au dhahabu imechukuliwa na maji? Vivyo hivyo, mwalimu aulize faili limepotelea hatua gani.

Jibu la swali hilo limeandikwa tayari. Seva kama Nginx au Apache huweka daftari la kila ombi na jibu lake; kwa Nginx iliyowekwa kwa njia ya kawaida katika Linux, daftari hilo ni /var/log/nginx/access.log, na la makosa ni error.log mahali hapo hapo. Mwanafunzi aandike anwani ya picha peke yake katika kivinjari, mathalani http://192.168.1.10/picha/karasha.jpg, kisha asome namba ya jibu daftarini.

Namba ikiwa 404, seva haikuliona faili kwa jina hilo. Aghalabu sababu ni herufi. Linux hutofautisha Karasha.JPG na karasha.jpg, ilhali Windows kwa kawaida haitofautishi. Hivyo ukurasa uliokwenda vizuri kwenye kompyuta ya mwalimu huharibika ukihamishiwa kwenye seva. Sababu nyingine ni folda: seva iliyoelekezwa /var/www/html haitatafuta mahali pengine.

Namba ikiwa 403, faili aghalabu lipo lakini seva imekatazwa kulisoma. Ruhusa zifaazo kwa kawaida ni 644 kwa faili na 755 kwa folda, na kila folda iliyo njiani lazima iruhusu seva kupita. Wako wanaotoa ruhusa ya 777 ili mambo yaishe upesi. Hilo lisifundishwe, kwani humruhusu kila mtumiaji wa mashine hiyo kubadili mafaili ya shule.

Namba ikiwa 200, faili limetolewa. Kama mitindo bado haionekani, tazama aina iliyotangazwa na seva: faili la mitindo hutakiwa kutajwa kuwa text/css, na likitajwa kuwa maandishi matupu kivinjari chaweza kulikataa. Huenda pia kivinjari kinaonyesha nakala ya zamani. Kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja ili kiombe upya.

Mwisho, fungua ukurasa mzima tena. Ikiwa ombi la picha halionekani daftarini kabisa, ukurasa unaelekeza kwingine. Pengine umeandikwa njia ya diski C: ya mwalimu, au anwani ya intaneti isiyofikika, au neno localhost. Neno hilo humaanisha mashine hii hii. Likisomwa na kishikwambi, kishikwambi hujitafuta chenyewe.

Katika kufundisha, mkufunzi atayarishe ukurasa mmoja juu ya madini ya Mwadui na Geita, kisha auharibu kwa njia hizo nne, kila kundi lipewe kosa lake. Kabla ya kugusa chochote, kundi lijaze safu tatu: tulichokiona, tunachokidhania, na kilichothibitika. Kanuni iwe moja: badili jambo moja tu, kisha jaribu tena. Ukibadili mambo mawili pamoja na ukurasa ukapona, hutajua kilichouponya, na kosa likirudi utaanza upya. Vipindi viwili mfululizo vinatosha, na dakika kumi za mwisho ziwe za kila kundi kueleza ushahidi wake.

Mwalimu aliye peke yake shuleni hana fundi wa kumwita. Akipangiwa huko akiwa na tabia ya kusoma daftari kabla ya kukisia, wanafunzi wake watapata picha zao ndani ya kipindi, nao watakuwa wamejifunza namna ya kuuliza swali moja baada ya jingine, jambo litakalowafaa hata katika masomo yasiyohusu kompyuta.