Gari ya spoti kwa mrefu mwenye maumivu ya mgongo



Mie nina futi 6 na inchi 4, na mgongo wanisumbua miaka. Nakaa Firq; Maskati ni kama saa moja na nusu kwenda tu. Nilishikwa na tamaa, nikanunua gari ya spoti kwa kutazama nguvu za injini. Miezi mitatu nikaiuza kwa hasara. Basi msirudie kosa langu.

Kwanza, tazama kiti: chashuka, charudi nyuma, kina egemeo la kiuno? Pili, usukani uwe wavutika kukufuata. Mazda MX-5 iliupata huo katika modeli ya 2019. Za kabla yake wapanda na kushuka tu, na mrefu hujikunja kuufikia. Tatu, dirisha la paa hula nafasi ya kichwa. Jipime na kofia yako kichwani. Nne, matairi yenye ubavu mfupi hupeleka kila shimo mgongoni.

Mwisho, omba uiendeshe nusu saa, kisha ushuke na kupanda mara tatu. Ukijiona wang'ang'ania mlango ili utoke, iache, hata ikiwa nzuri vipi.