Nane Nane na mwaka wa shamba

Sikukuu ya mkulima yaweza kuangukia kabla ya kupanda, wakati wa kuvuna, au mazao yakishaingia ghalani. Pale inapoangukia ndipo panapoamua itamfaa vipi. Tuipime hivyo Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya Agosti 8, kama ifanyikavyo Mbeya, kwa kuanza na Ireland, ambako pia watu hupumzika mwanzoni mwa Agosti.

Jumatatu ya kwanza ya Agosti nchini Ireland ni mapumziko tangu sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa chini ya Uingereza kwa ajili ya mabenki. Desturi za majuma hayo ni kongwe zaidi. Zinatokana na Lughnasa, sikukuu ya kuanza mavuno. Hadi leo maelfu ya mahujaji hupanda mlima Croagh Patrick, wenye mita 764, Jumapili ya mwisho ya Julai. Kati ya tarehe 10 na 12 Agosti mji wa Killorglin hufanya gulio ambamo beberu wa mwituni huvishwa taji, na mifugo huuzwa.

Kwa nini majuma hayo? Katika karne ya 19 kaya maskini za Ireland ziliishi kwa viazi. Julai akiba ya mwaka uliopita ilikuwa imekwisha, na vipya havijakomaa. Siku ya kuchimba viazi vya kwanza ilikuwa siku ya kushiba tena. Aliyechimba mapema zaidi alionekana hakujua kupanga akiba yake. Furaha ya siku ile ilikuwa na sababu tumboni.

Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ziliko Mbeya na Iringa, zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Miezi migumu huku ni Januari hadi Machi, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Agosti ni kipupwe: mahindi yamekwishavunwa, na Iringa wengi wako vinyunguni, wakilima bustani za mabondeni. Kwa hiyo Nane Nane haitangazi mwisho wa njaa. Inamkuta mkulima ana magunia, na ana miezi mitatu hivi kabla ya kupanda. Ana maamuzi mawili: auze kiasi gani, na apande mbegu gani.

Hapo ndipo viwanja vya maonyesho vya John Mwakangale, Mbeya, vinapopata uzito. Watafiti wa kilimo wa Uyole, nje kidogo ya mji, huonyesha mbegu zao, mahindi ya UH 6303 yakiwa miongoni mwake. Agosti 8, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapo ruzuku ya mbolea, mapema kiasi cha mkulima kupanga kabla ya mvua.

Lakini vipando vya maonyesho humwagiliwa na kutunzwa kwa ajili ya macho ya wageni. Mkulima wa Ismani, Iringa, ambako mvua ni haba, hawezi kuvichukua kama ahadi. Nauli ya kusafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Mbeya nayo si ndogo. Kwa maoni yangu, kila kipando kingepaswa kuwekewa kibao kinachoeleza kiasi cha maji na mbolea kilichotumika, pamoja na gharama yake. Na kama magulio ya Ireland, maonyesho yangetenga siku za mnunuzi na muuzaji kukutana mizani ikiwa katikati yao, ili gunia lililosafirishwa kutoka Iringa lisirudi nyumbani likiwa limebandikwa cheti tu.