Sahihi ya mchezaji yahitaji shahidi
WAKUSANYAJI wa kadi za besiboli nchini Marekani huthamini sana kadi ya msimu wa kwanza wa mchezaji yenye sahihi yake, kwani wachache huihifadhi kabla hajavuma. Masara, Kaunti ya Migori, kadi hizo ni ngeni. Lakini shabiki mwenye picha iliyotiwa sahihi na Austin Oduor, nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, ana hazina kama hiyo.

Tatizo ni ushahidi. Mwaka 1999 wapelelezi wa FBI walivamia mtandao wa waghushi wa sahihi za wanamichezo. Hivyo, andika tarehe, mahali na aliyeshuhudia, kwenye karatasi ya kando. Jua nalo hufifisha wino. Ukutani, wengi wetu tunapotundika picha, ni pabaya iwapo jua hupafikia.